Wenyeji wa Maji Moto

Tangu sheria ilipowapa kima chemchemi ya maji moto, watu wa Rungwe huingia kwa kukaribishwa, na aliyekumbatiwa na kima hatolewi mpaka atake mwenyewe. Kipupwe hiki Tusekile alimfuata mama mkwe wake, aliyeingia kupasha magoti moto akagoma kutoka. Alimkuta kwenye mvuke, kima jike akimchambua mvi taratibu.

“Mama, twende nyumbani. Wajukuu wanakuulizia.”

“Wananiulizia mimi au uji wangu?” bibi alicheka. “Kule kwenu, mwanangu, nani amewahi kunishika kichwa?”

Baridi ilimtafuna Tusekile miguu. Kima mwingine akajisogeza, akamwachia nafasi, akamnyooshea mkono. Tusekile alipozinduka, alikuwa ameshavua sweta.