Debe la Nyange

Kamati ya kupitia upya kanuni za chama cha kuzikana ilibakiza nafasi moja. Waliokwisha kujitolea wote walikuwa watu ambao hawajawahi kunyimwa masufuria ya chama siku ya msiba.

"Aongezwe Nyange," alisema Bi Tausi, mwenyekiti.

"Yule tuliyemnyima masufuria alipofiwa na mama yake?" katibu alimaka. "Atakuja na kinyongo, mwenyekiti."

"Tumesema asiyehudhuria mazishi ya wenzake hapewi masufuria. Nani mwingine hapa kanuni hiyo imemuuma?"

Bi Tausi akaenda mwenyewe kwa Nyange, shingoni ufunguo uleule aliofungia stoo ya masufuria siku ile.

Nyange alimsikiliza hadi mwisho. Kisha akaenda uani, akamwaga maji ya kuku yaliyokuwa kwenye debe jeusi kwa moshi, ndilo alilopikia wali wa matanga. Akaligeuza juu chini, akalipangusa. Kiganja kikatoka cheusi vilevile.

"Karibu ukae, mama," alisema. "Nisomee hiyo kanuni."

Bi Tausi alikuwa amevaa kanga nyeupe.