Kapu la Nne la Nguchiro

Wanyama walipoanza kuwa na mahakama, walikubaliana hivi: kila mkosaji, juu ya adhabu yake, alete kapu la mtama kwenye ghala la walioumizwa.

Nguchiro, mwizi wa mayai, alileta kapu lake la nne huku wanawe wakimpigia ngoma.

"Ghala hili limejaa jasho langu," alitamba. "Bila mimi majeruhi wangelala njaa. Nastahili shuka ya heshima."

Wanyama wakashangilia hadi vumbi likatimka. Kobe, hakimu wao, naye akapandwa na furaha, akamvisha shuka mabegani.

Ndipo Kanga, ndege wa madoadoa, akachechemea hadi mbele, mguu wake umefungwa bandeji.

"Mtama wa ghala hili umenilisha mwezi mzima, nashukuru," alisema. "Lakini mguu huu uliuvunja wewe, Nguchiro, uliponipora mayai. Siku ghala litakapokuwa tupu kwa kukosa wakosaji, nitacheza ngoma hata kwa mguu mmoja."

Ngoma ikanyamaza. Kobe akamvua Nguchiro ile shuka, akamfunika nayo Kanga.

"Wewe nenda," akamwambia Nguchiro. "Kapu liache."