Kosa la Zuberi

Bendi ya Chande ilipiga nyimbo za wenzao tu. Leo harusini uliombwa wimbo wa Zuberi, aliyejifunza naye gitaa la besi, na Chande akaupiga vilevile ulivyorekodiwa, roho ikimuuma.

Ulipokwisha, Zuberi mwenyewe, aliyekuwa miongoni mwa waalikwa, akamsogelea.

"Kaka, umekopi mpaka kosa langu! Pale kwenye kiitikio kidole kiliteleza, nikachelewa kuingia."

Chande akatabasamu. Watu walipodai wimbo urudiwe, alikisubiri kiitikio kwa hamu, na safari hii akaingia palepale panapostahili, kwa noti safi isiyo na doa.

Wachezaji, waliouzoea wimbo ulivyorekodiwa, wakagongana. Bibi harusi, mguu mmoja ungali hewani, akageuka kumtazama aliyekosea.