Mikono ya Subi

Katika kila nyumba inayolima nyanya, mtu mmoja hagusi sabuni. Viganja vyake vimepandwa vijidudu vinavyoua kantangaze, yule funza anayetafuna majani, na viganja vikishavikubali, mwenyewe huandikwa na bwana shamba kuwa mtu wa shamba mpaka kufa. Nyumbani kwao, mtu huyo ni Atuganile. Kila asubuhi hupapasa miche jani kwa jani, naye mumewe hufua na kumwogesha Subi, binti yao wa miezi minane.

Leo Atuganile aliukuta mche wa pembeni umejaa kantangaze waliokufa. Yeye hakuwa ameugusa. Jana Subi aliuchezea.

“Baba Subi, mwogeshe mtoto.”

“Si nimeshamwogesha?”

“Rudia. Msugue mikono kwa sabuni, kabla bwana shamba hajaja kumpima viganja.”

Mumewe aliutazama ule mche, akaelewa. Alimkalisha mtoto kwenye beseni, akamsugua taratibu, kidole kwa kidole.

“Na wewe,” akauliza kwa sauti ya chini, “utambebaje tena bila kumwambukiza?”

Subi alimwona mama yake, akacheka, akamnyooshea mikono yenye povu. Atuganile aliificha ya kwake mgongoni, akaendelea kumchekea.