Harufu ya Mawese

Siku hizi kila anayeomba uraia lazima aache kumbukumbu moja ya alikotoka, ifutwe na mashine. Nahimana, mama aliyemsindikiza bintiye Spesioza kwenye usaili, alikuwa roho juu: asije akayaacha mazishi ya babake!

"Umechagua ipi?" afisa aliuliza.

"Harufu ya mawese jikoni kwetu."

Nahimana akashusha pumzi. Kumbe ni kitu kidogo hivyo! Hakukumbuka ni nani aliyekuwa akikaanga humo kila siku, na binti mgongoni.

Mashine ikanguruma, ikanyamaza.

"Hongera, mwananchi."

Spesioza akageuka, akamtazama Nahimana kwa adabu, kama anavyotazamwa mgeni.

"Shikamoo, mama. Na wewe umekuja kuomba uraia?"

Nahimana akaurudisha taratibu mkono aliokuwa ameunyoosha.

"Marahaba, mwanangu. Mimi nimemsindikiza mtu tu."