Mtumbwi wa Kura

Mtumbwi ulipinduka kushoto kabla Wato hajapiga kasia la tano. Alisimama, maji ya Tana yakimfika kiunoni, akatema matope.

Ukingoni, Nunow alicheka mpaka akakaa chini. "Wallahi, Wato, wewe unaoga kuliko kuvua!"

"Nyamaza. Wewe samaki hata huli."

"Sili, lakini macho niko nayo. Hii ya leo ni mara ya saba."

Nunow alikuwa mfugaji. Ukame ulipomaliza ngamia wake alihamia hapa Balambala, akapanda vitunguu kando ya mto. Kila asubuhi alikuja na mswaki mdomoni kumtazama jirani yake akianguka.

Wato hakumwonea Nunow aibu. Alimwonea aibu mke wake, Zeinab.

Mtumbwi ulikuwa wa kaka yake, Kura. Kura aliuchonga mwenyewe, mwembamba kuliko yote ya hapa, na alisimama wima ndani yake akirusha wavu huku watu wa ng'ambo wakimshangilia. Mafuriko ya mwaka juzi yalimkuta katikati, penye mkondo. Mtumbwi ulirudi. Kura alipatikana siku ya nne, mbali sana chini. Eda ilipokwisha, wazee walimuuliza Zeinab kama anamkubali mdogo wa marehemu, kwa desturi ya ukoo. Zeinab alitazama chini, akasema ndiyo.

Ndiyo ile ilimsumbua Wato. Ilikuwa ya kwake, au ya nyumba ya Kura? Mpaka leo kuna siku Zeinab humwita "shemeji", kisha akajiziba mdomo.

Na kuna kile kikoi. Kila Wato aliporudi kutoka mtoni alikuta kikoi kikavu kimetundikwa uani na chai imeshachemka. Wake wa wavuvi wengine walingoja samaki. Wa kwake alingoja mtu aliyelowa. Kura hakuwahi kutundikiwa kikoi.

Aliapa kumshinda. Tangu alipoanguka mara ya kwanza alikuwa ameng'oa ubao wa kukalia ili akae chini kabisa, akapanga mawe bapa sakafuni kuupa mtumbwi uzito, akayafunika kwa jamvi. Ulipopinduka, mawe yalizama. Kila jioni alitafuta mengine, akayapanga upya, kulia na kushoto sawasawa. Asubuhi alianguka tena.

"Walaal, ndugu yangu," Nunow alimwambia jioni hiyo, "mtumbwi ni kama ngamia. Ngamia huwezi kupakia upande moja. Weka mtungi huku, weka mtungi huku. Mti inapita juu. Kamba mimi nitakufungia."

Walikata mti mrefu, wakaukingamisha juu ya mtumbwi, na kila ncha wakafunga mtungi mtupu wa plastiki uliozibwa vizuri. Wato aliingia, akajitikisa. Mtumbwi haukuinama.

Zeinab alikuwa ameshuka kuchota maji. Alisimama kuitazama ile mitungi.

"Kura hakufunga vitu hivi," alisema.

Wato alihisi masikio yanawaka. "Mimi si Kura."

"Kwa hiyo sasa utafika katikati?"

"Kesho. Inshallah."

Macho ya Zeinab yalijaa machozi. Aligeuka haraka, akapanda ukingo na ndoo yake. Wato alimtazama mpaka akapotea. Machozi yale aliyajua ni ya nani. Kwa ajili yake yeye, Zeinab hajawahi kulia hata tone.

Kesho yake mtumbwi ulipinduka kushoto. Mtungi wa kushoto ulikuwa umejaa maji.

Safari hii Nunow hakucheka. "Kifuniko nilikaza na mkono yangu."

"Labda kimelegea."

"Wato." Nunow alitoa mswaki mdomoni. "Bibi yako anakuja hapa kila siku, alfajiri, ukiwa bado msikitini. Mimi namuona kutoka shambani, mbali. Anaingia mtumbwi, anakaa. Nilidhani unajua."

Jioni Wato aliuegesha mtumbwi kama kawaida, akapanga mawe, akakaza vifuniko. Kisha alinoa shoka.

Alfajiri iliyofuata hakwenda msikitini. Aliswalia kwenye kichaka cha miiba ya mathenge juu ya ukingo, shoka likiwa kando yake. Kama alikuwa akiishi na mke wa mtu mwingine, basi mtumbwi wa mtu huyo angeupasua vipande vipande leo, mbele ya macho ya Zeinab.

Zeinab alikuja kweli. Alivua ndala, akaingia mtumbwini, akakaa. Alipitisha kiganja kwenye ubavu wa mtumbwi, polepole, kama mtu anayembembeleza mgonjwa. Wato alishika mpini.

Zeinab akanyoosha mkono kushoto, akakizungusha kifuniko cha mtungi nusu mzunguko. Akafunua jamvi. Akaanza kuyatoa mawe ya kulia, moja moja, na kuyapanga kushoto. Kila jiwe alilishusha kwa uangalifu, lisilie. Kisha akalitandika jamvi, akalipapasa mpaka likalala.

Wato alitoka kichakani. Shoka lilibaki kwenye miiba.

"Mara zote nane?"

Zeinab alishtuka, kisha akatulia. Jiwe moja lilikuwa bado mapajani mwake.

"Saba. Ya kwanza ulianguka mwenyewe."

"Watu wananicheka, Zeinab. Unanikalisha kwenye maji ya kiunoni kama mtoto. Hutaki nimpite Kura?"

Zeinab alimtazama usoni, bila kuangalia chini.

"Kura nilimwacha akafika katikati."