Mdundo wa Kutua Majembe

Ufa ulikuwa na upana wa kidole. Ghafla, ukingoni mwa shimo la wachimbaji wa dhahabu hapo Mwakitolyo, mchanga mwekundu ukaanza kutiririka ndani yake, polepole, kama unga kwenye chekeche. Ghati, mwanafunzi wa miamba aliyekuja kwa mafunzo, aliutazama kama mtu anayeota.

Kisha akapaza sauti: "Tokeni! Ardhi inakatika!"

Kule chini nyundo ziliendelea kugonga. Sauti yake ilizama humo kama jiwe kisimani.

"Hawasikii hao, dada," alisema mshika kamba, mwanamume aliyekuwa ukingoni akishika kamba ya kupandia wachimbaji.

Pembeni palikuwa na dumu tupu. Chuoni, Ghati alikuwa amechukua pia somo la ngoma za Wasukuma, na wenzake wakamcheka hadi mbavu zikawauma: "Injinia mzima, tena Mkurya, unafundishwa kucheza na jembe!" Darasani humo ndimo alimojua kwamba wakulima wa huku hulima kwa kufuata ngoma, na upo mdundo unaowaambia watue majembe.

Akalibana dumu kwa magoti, akaupiga mdundo huo.

Nyundo moja ikanyamaza. Ya pili nayo. Kimya kikalijaa shimo zima, kizito, kitamu kama usingizi wa mchana.

"Nani huyo anatupumzisha kabla ya ugali?" Sauti ilicheka kutoka gizani.

"Mimi, kaka! Pandeni, ardhi inakatika!"

Mchanga ukaongeza mwendo. Mikononi mwa mshika kamba, kamba ikakaza kwa uzito wa mtu anayepanda.